Lenzi Ndefu ya Padri

Mwezi uliopita nilipeleka ndizi Meru mjini, na kwa kuwa ziliisha mapema, nikapita uwanja wa Kinoru kutazama watoto wa shule wakikimbia. Nilikaa juu kabisa, pale ninapopenda kukaa, mahali ambapo mtu hawezi kuitwa. Ngazi mbili chini yangu alikuwa kijana mmoja mwenye kamera. Lenzi yake ilikuwa ndefu kama thamosi ya chai ya harusini, na alikuwa ameilaza juu ya sweta iliyokunjwa. Nilimtazama mpaka mbio tatu zikapita. Mimi ni mtu wa kuona haya. Hata dukani nangoja wengine wote wahudumiwe kwanza. Lakini siku hiyo maneno yalinitoka yenyewe.

"Hiyo ni mia tatu?"

Akageuka akanitazama, mimi na kikapu changu kitupu na viatu vyangu vya mpira. "Mia nne, anti. Kwani unajua lenzi?"

"Najua moja tu," nikamwambia. "Hiyo sweta ni laini sana. Itacheza. Weka maharage."

Alicheka akidhani ni mzaha. Kisha bastola ya kuanzia mbio ikalia, akarudi kwenye kazi yake. Huwezi kumsumbua mpiga picha wakati watu wanakimbia. Kwa hiyo yeye sikumweleza. Acha nikueleze wewe.

Nilikulia karibu na Githongo, upande ule ambao ukungu wa asubuhi hukaa juu ya kahawa mpaka uji umepoa kikombeni. Wakati wa mavuno kijiji kizima kilinuka maganda ya kahawa kutoka kiwandani, harufu kali kidogo kama kitu kilichochacha, na mpaka leo nikiisikia miguu yangu hupata baridi, maana tulikuwa tukitembea peku. Nyumbani tulikuwa mimi, mama na nyanya. Mama alikuwa mtu wa shambani na kanisani. Mambo mengine yote ya nyumba yaliamuliwa na nyanya, pamoja na mambo ya picha.

Sijui kwenu, lakini kwetu picha ilipigwa mara moja kwa mwaka, siku ya Krismasi baada ya ibada. Mpiga picha alikuwa mmoja, mwenye studio ndogo pale sokoni Githongo, na siku hiyo alizunguka boma kwa boma, kamera ikining'inia shingoni ndani ya koti ili isipate umande. Filamu moja ilipaswa kutosha kilima kizima. Kila nyumba ilipata picha moja, hakukuwa na kurudia.

Kwa hiyo tulijitayarisha tangu alfajiri. Nyanya alitoa kiti nje, akakitandika kitambaa alichokifuma mwenyewe, akaweka kando chupa yenye maua ya plastiki. Alitusugua miguu kwa jiwe kisha akatupaka mafuta ya kupikia mpaka ikang'aa. "Miguu ionekane," alisema kila mwaka. Picha bila miguu, kwake, ilikuwa picha ya mtu nusu. Basi tulisimama wima, mikono imenyooka, midomo imefungwa, hatupepesi macho, hatupumui, mpaka tusikie ule mlio wa kamera. Kucheka ilikuwa kuharibu mali.

Nilipokuwa na miaka saba, kuku alipita nyuma yangu na mimi nikageuka. Ni hilo tu. Picha ilirudi mwezi wa pili. Mama yupo, nyanya yupo, maua yapo, na katikati yao kuna gauni langu zuri na miguu yangu iliyopakwa mafuta, lakini mahali pa uso pana kitu kama moshi. Picha hiyo ilitundikwa juu ya mlango wa sebule mwaka mzima. Kila mgeni aliyeingia aliinua macho na kuuliza, "Na huyu asiye na kichwa ni nani?" Naye nyanya akajibu kwa sauti ile anayotajia magonjwa: "Ni mjukuu wangu. Alitikisika."

Kuanzia hapo, kamera ikinielekea, nilikauka. Hakikuwa kitu cha kuamua. Magoti yalijifunga yenyewe, mikono ikashuka yenyewe, pumzi ikakatika.

Sasa, jambo la pili unalopaswa kujua ni kwamba nilikuwa nakimbia. Kila asubuhi nilipeleka maziwa barabarani kabla lori la kuyachukua halijapita, kisha nikakimbia kwenda shule kabla kengele haijalia, na kati ya lori na kengele hapakuwa na nafasi ya kutembea. Mwalimu wa michezo alisema hata bila mtungi nakimbia kama niliyebeba maziwa, kichwa kimetulia, miguu tu ndiyo inafanya kazi. Alikuwa mama mfupi mwenye filimbi iliyosikika mpaka kiwandani. Alinipa mbio za mita mia nane nilipokuwa darasa la sita, na hakuna msichana katika shule yetu aliyenishinda tena. Nilipenda mbio kwa sababu moja: ukiwa mbele, hakuna anayekutazama usoni.

Nilipokuwa darasa la saba, mashindano ya shule za jirani yalifanyika kwenye uwanja wetu. Mistari ilichorwa kwa majivu, na utepe wa mwisho ulikuwa uzi wa sufu mwekundu, uliobaki kwa sweta ya mtu. Mwalimu wa michezo alikuwa amemwita mpiga picha wa sokoni. Shule iliyo ng'ambo ya mto ilikuwa na picha ofisini ya mvulana wao akikata utepe kwa kifua, na kila mara walimu wetu walipoenda huko mkutanoni walikalishwa kuielekea. Mwalimu alitaka yetu. Mpiga picha hakuwahi kupiga mbio maishani, lakini alivaa koti lake la Krismasi akaja.

Nilitoka mbele tangu mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili nilipokaribia mwisho, nilisikia pumzi ya wengine ikiwa mbali nyuma, na nikainua macho kutafuta ule uzi mwekundu. Nyuma yake tu, hatua mbili, mpiga picha alikuwa amepiga goti, kamera usoni, ananielekea.

Nikasimama.

Zilikuwa zimebaki hatua kama kumi. Nilisimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka, mdomo nimefunga ingawa kifua kilikuwa kinataka kupasuka. Nilisikia uwanja mzima ukipiga kelele, na mwalimu akipuliza filimbi kama anayefukuza nyani shambani, lakini sikutikisika. Msichana wa kwanza akanipita. Wa pili akanipita. Ndipo nikasikia mlio wa kamera, nikapumua, nikakimbia tena, nikawa wa tatu.

Wenzangu walinicheka mpaka wakakaa chini. Kesho yake nilikuwa na jina jipya. "Sanamu! Sanamu ya darasa la saba!" Mvulana mmoja alitengeneza kamera kwa boksi la kiberiti, na kila nikipita analiweka jichoni na kusema, "Angalieni, sasa hivi anakauka!" Na kibaya zaidi, nilikauka kweli, hata kwa boksi la kiberiti.

Watatu wa kwanza walichukuliwa kwenda mashindano ya Kinoru, kwa hiyo nilikuwa bado nimo. Lakini kutoka Kinoru angechukuliwa mmoja tu katika kila mbio, naye angeenda Embu kwa mashindano ya mkoa. Huwezi kujua Embu ilikuwa nini kwangu. Sikuwa nimewahi kuvuka mto Thuchi, mpaka wetu na Embu. Mama alikuwa amefika Embu mara moja akiwa msichana, na alipokuwa akichagua kahawa mbichi na mbivu alituhadithia taa zake na barabara zake kama mtu anayehadithia ng'ambo. Nilitaka Embu kuliko nilivyotaka viatu.

Picha ilipotoka, mpiga picha aliileta mwenyewe nyumbani, mwalimu akiwa naye. Waliketi jikoni, nyanya akawapa githeri na chai. Ilikuwa picha safi sana. Mimi niko katikati, wima, uso unaonekana hadi jasho, miguu yote miwili imekanyaga majivu. Pembeni mwangu kuna moshi wa aina mbili: wasichana wawili wanaonipita.

Nyanya aliishika karibu na moto akaitazama kwa muda mrefu. "Huyu ndiye aliyefundishwa," akasema. "Hawa wengine wametikisika."

"Nyanya, hao waliotikisika ndio walioshinda!" mwalimu akasema, karibu alie. Kisha akamgeukia mpiga picha. "Wewe na hiyo kamera yako Kinoru hamwendi. Mtabaki hapa hapa Githongo. Sitaki hata kivuli chenu."

"Mwalimu, kosa si la kamera," mpiga picha akasema. Alikuwa mtu wa pole, mwenye kidole gumba kilichobadilika rangi kwa dawa za kusafishia picha. "Kosa ni lenzi. Hii yangu ni milimita hamsini. Ni ya harusi, ya ubatizo, ya watu waliosimama. Mtu akikimbia na mimi niko mbali, anatoka kama sisimizi. Ndiyo maana nilisogea mpaka nikamkaba huyu mtoto. Nipe wiki mbili nitafute lenzi ya kukaa mbali."

"Na asipokuona?"

"Asiponiona ataogopa nini?"

Mwalimu alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Wiki mbili. Lakini akisimama tena uwanjani, hata kwa nukta, wewe unarudi nyumbani."

Ndivyo nilivyoanza kujua lenzi, mimi niliyekuwa sijawahi hata kushika redio. Kila siku baada ya shule nilibaki uwanjani na mwalimu na mpiga picha, na nilikimbizwa kama ndama anayejaribiwa.

Lenzi ya kwanza aliyoleta ilikuwa mia moja thelathini na tano. Aliazima kwa mpiga picha mwenzake wa Nkubu. Alijificha nayo kwenye pembe ya goli, karibu hatua ishirini kutoka mwisho. Nilikuja mbio, na sikusimama, lakini mwalimu aliyekuwa na saa akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeiona ikimetameta, na miguu yangu ikapunguza yenyewe, kama ng'ombe anapoona daraja. Ile nayo ikarudishwa Nkubu.

Basi mpiga picha akaenda misheni kwa padri. Padri alikuwa mzee aliyependa ndege, na watu walisema ana kitu cha kuwapigia picha bila wao kujua. Mpiga picha alirudi amekibeba kwa mikono miwili, kimefungwa taulo, kama anayerudi na mtoto kutoka hospitali. Ilikuwa mia tatu. Tulipokifungua sote tulisogea kutazama, hata mwalimu. Kisha mpiga picha akajaribu kuifunga kwenye kamera yake ikakataa. Kumbe kila kampuni na meno yake, na meno ya lenzi ya padri hayakuingia kwenye kamera ya sokoni. Alitembea tena mpaka misheni, na padri akacheka akampa na kamera yake.

Hapo ndipo mpiga picha aliposumbuka kweli. Kamera yake ya zamani aliijua kama mke wake, alisema. Alijua inachelewa wapi na inakohoa wapi. Hii ya padri ilivuta filamu haraka, na mlio wake ulikuwa mwepesi, lakini vifungo vyote vilikuwa upande asiouzoea. Achague kamera anayoijua na lenzi isiyofika, au lenzi inayofika na kamera asiyoijua? Alichagua ya padri, kisha kwa siku nne akazunguka nayo sokoni bila filamu, akiwapiga kuku, mbwa, na wapagazi wanaoshusha viazi. Watu walijipanga, wakasimama wima, wakauliza picha zitatoka lini.

Na bado haikutosha. Picha za kwanza za uwanjani zilitoka zote moshi, hata goli lenyewe lilikuwa moshi. Alituonyesha kwa subira. Lenzi ndefu hula mwanga mwingi, na Githongo saa kumi jioni hakuna mwanga, kuna ukungu. Akibana mwanga picha inakuwa usiku. Akiuachia uingie polepole, mkimbiaji anayeyuka. Alitaka kukamata sehemu moja ya mia tano ya sekunde, na kwa hiyo akabadilisha filamu, kutoka ile ya mia moja ya Krismasi hadi ya mia nne, iliyo na chembechembe kidogo lakini inaona haraka. Kisha kulikuwa na mkono. Lenzi ile ilikuwa nzito, na mkono wa mtu hutetemeka kila moyo unapopiga. Alijaribu kuiweka juu ya jiwe, ikateleza. Akaiweka juu ya koti, ikacheza.

Nyanya alikuwa amekuja kunichukua siku hiyo. Alitazama mpaka akachoka. "Hata sufuria haikai juu ya nguo," akasema. Akaenda nyumbani, akarudi na mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa maharage. "Laza hapo. Lakini hayo ni ya mbegu. Punje moja ikipotea, nitajua."

Lenzi ililala ndani ya maharage kama yai kwenye kiota. Haikutetemeka tena.

Sasa nakuja kwenye siku ninayoikumbuka kuliko zote, na hakukuwa na mbio. Ilikuwa Jumamosi, jua limetoka. Mpiga picha alikuwa ameketi kwenye ukingo wa shamba la kahawa juu ya uwanja, anapima. Aliniita. "Njoo uone unachokiogopa." Niliweka jicho. Mwanzoni niliona majani tu. Akanigeuzia kiringi cha lenzi mpaka kitu kikawa wazi, na ng'ambo ya bonde, mahali ambapo kwa macho tu ungeona nukta ya kitambaa cha bluu, nikamwona nyanya. Alikuwa anaanika mtama kwenye ua wetu. Kuku alikuja kuiba, nyanya akamtupia kiatu, kiatu kikamkosa kikaanguka ndani ya pipa la maji, na nyanya akacheka. Alicheka akajishika kiuno, akainama, akapangusa macho, akacheka tena. Sikusikia kitu. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na mitatu, nimeona uso wake kwenye picha kumi na tatu, na sikujua kwamba ana pengo la jino upande wa kushoto.

"Umeona?" mpiga picha akaniuliza. "Hajui kama tupo. Yuko vile alivyo."

Kuanzia Jumatatu nilikimbia bila kutafuta alipo. Nilijua yuko mahali fulani huko juu kwenye kahawa, na nilijua ananiona kama nilivyomwona nyanya, na kitu fulani magotini mwangu kikafunguka. Mwalimu alitazama saa yake, akaitikisa, akaitazama tena.

Kinoru tulikwenda nyuma ya lori la kiwanda cha kahawa, tukiimba, na nyanya akaenda pia. Hakwenda kwa ajili yangu. Alisema wazi kwamba anafuata maharage yake. Mpiga picha alichagua mahali penye nyasi, nyuma ya kona, mbali sana lakini akielekea moja kwa moja mstari wa mwisho. Alilaza lenzi kwenye mfuko, akamwomba mwalimu asimame penye utepe, akaipanga mpaka nyuzi za sweta yake zikaonekana, kisha akaifunga hapo kwa plasta, ili asihangaike kutafuta nikifika. Jua lilikuwa kali, mwanga wa bure. Nyanya akaketi kando yake, mkono mmoja juu ya mfuko.

Mbio zilianza vizuri. Kulikuwa na msichana mmoja mrefu kutoka mji wa Maua, mwenye viatu vya misumari, na mzunguko wa kwanza alikuwa mbele yangu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia. Nilimfikia upande wa mbali, tukakimbia bega kwa bega, na tulipoingia kona ya mwisho nilimwacha nusu hatua. Nikainua macho nitafute utepe.

Nyuma yake, hatua mbili, kulikuwa na mwanamume amepiga goti, kamera usoni.

Hakuwa wetu. Alikuwa mtu wa gazeti, au wa wizara, sijui mpaka leo. Alivaa kizibao chenye mifuko mingi, na lenzi yake ilikuwa fupi, nene, inanielekea katikati ya uso. Nilihisi magoti yakianza. Nilihisi mikono ikitaka kushuka. Yule wa Maua akanirudia, nikaona bega lake, kisha shingo yake. Embu ilikuwa inaondoka mbele ya macho yangu, na taa zake zote.

Ndipo nikasikia sauti, kwa Kimeru, kubwa kuliko uwanja.

"Usisimame, mwari! Huyo si wetu! Huyo hatukumwita! Pita!"

Nyanya alikuwa ameona yule mtu akipiga goti tangu kengele ilipolia, akaelewa kabla ya mtu yeyote. Akaacha maharage. Aliinua gauni kwa mkono mmoja akashuka kwenye nyasi mbio, akampita askari aliyelinda kamba, akapita meza ya waamuzi, mpaka akafika penye utepe akirukaruka, kitambaa kimemtoka kichwani. Na kwa sababu yeye ndiye aliyeweka sheria, yeye ndiye aliyeweza kuiondoa. Kweli, huyo hatukumwita. Kwa mtu ambaye hukumwita hakuna haja ya kusimama. Kitu hicho kiliniingia kichwani kikiwa wazi kabisa, kama kitu kilichopangwa kwenye lenzi. Nilifungua mdomo, nikapumua, nikapita.

Utepe wa Kinoru haukuwa wa sufu. Ulikuwa mweupe, laini, na ulinifuata kifuani mpaka nikaanguka.

Picha ilitoka baada ya wiki tatu. Mpiga picha hakuileta nyumbani; alituita studio, mimi, nyanya na mwalimu, akafunga mlango kabla ya kuionyesha. Mimi niko pale, mdomo wazi, meno nje, utepe umenipinda kifuani, miguu yote miwili iko hewani. Na kando yangu, penye utepe, palepale lenzi ilipokuwa imepangwa, yuko nyanya. Mikono juu. Kiatu kimoja hakipo. Mdomo wazi mpaka pengo la kushoto linaonekana. Miguu yake nayo haijagusa chini. Yule mtu mwenye kizibao ni moshi tu pembeni.

Mwalimu alipiga makofi mpaka mwenye duka la jirani akaja kuuliza kuna nini. Nyanya aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena.

"Miguu inakanyaga wapi?" akauliza.

"Haikanyagi, nyanya," mpiga picha akasema. "Lakini inaonekana. Yote minne."

"Nimetikisika."

"Umetikisika. Na unaonekana."

Nyanya alikataa itundikwe nyumbani. Shuleni waliitundika ofisini, kubwa, wakawaalika walimu wa ng'ambo ya mto mkutanoni wakawakalisha kuielekea. Lakini hakuna mgeni aliyeuliza habari zangu. Wote waliuliza, "Na huyu mama anayeruka ni nani?"

Embu nilienda. Nilivuka Thuchi nikiwa nimetoa kichwa dirishani, na nikaziona zile taa, na zilikuwa chache kuliko za mama. Nilikuwa wa sita, nikala chapati mbili na nyama, nikarudi. Mwaka uliofuata nilimaliza darasa la nane nikabaki nyumbani na shamba, na mbio zangu zikawa tena za lori la maziwa.

Vingi vimekwenda. Padri alihamishwa akaondoka na picha zake za ndege na lenzi yake. Studio ya Githongo sasa inauza vifuniko vya simu, na yule mwenye kidole gumba cha rangi amelala kwenye makaburi ya misheni. Ofisi ya shule ilipakwa rangi upya, na picha yetu haikurudi ukutani. Hakuna anayejua iliwekwa wapi. Hakuna tena anayengoja mpaka mwezi wa pili kujua kama alitikisika. Mwezi uliopita pale Kinoru watoto waliingia mstari wa mwisho huku wazazi mia moja wamenyoosha simu mbele ya nyuso zao, na hakuna hata mmoja aliyesimama. Nilifurahi kwa ajili yao. Kilichobaki ni maharage. Nyanya aliyahesabu kwenye lori tukirudi, akayapanda mvua ilipokuja, na mbegu yake ninayo mpaka sasa. Tunaiita ya lenzi, na majirani wakija kuomba mbegu hawaulizi kwa nini.

Nakala yake ya picha nyanya aliiweka ndani ya Biblia, akasema ni ya kuonyesha mahali alipofika kusoma. Nilimwamini. Kisha mwaka mmoja, yeye akiwa amezeeka na mimi mtu mzima, nilikuwa natoka kwenye kahawa ng'ambo ya bonde na kikapu mgongoni. Nilitazama nyumbani nikaona ile nukta ya bluu mlangoni, nikateremka mpaka ikawa nyanya. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, Biblia magotini, lakini alichoshika hakikuwa Biblia. Alikiinua kwenye jua. Nikaona mabega yake yakitikisika, nikaona akijishika kiuno, akainama, akapangusa macho.

Niliweka kikapu chini nikakaa kwenye ukingo, palepale. Kazi ilikuwa ikiningoja, lakini sikuvuka. Nilijua nikisogea karibu, atasimama wima.